Daftari la Kambo: Gécamines ilihesabu watoto 9, yeye alihesabu 13

Tangazo la kifo lilisomwa redioni mara mbili, asubuhi na jioni, na halikufika hata dakika moja. Jina, umri wa miaka 81, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines, mkaaji wa komini ya Katuba hapa Lubumbashi, baba wa watoto 9, babu wa wajukuu 31. Kilio kinafanyika nyumbani kwa marehemu. Basi.

Usiku wa pili wa kilio, wanaume wakiwa wamezunguka moto na wanawake wamekaa kwenye mikeka ndani, shangazi yangu mkubwa alitoka chumbani akiwa na daftari la shule lenye jalada la buluu lililofifia. Alimwomba kijana mmoja amulike kwa simu. Akaanza kusoma majina ya watoto wa marehemu, kila jina na namba yake na tarehe yake. Alipofika namba 9 hakuacha. Alisoma 10, 11, 12, 13. Mzee mmoja wa jamaa, aliyefika kutoka Kasenga asubuhi ile, akauliza: "Aba bengine ni ba nani?" Shangazi akajibu bila kuinua kichwa: "Bote ni ba kwake."

Niseme mapema ili msomaji asinidhanie vibaya: marehemu ni babu yangu, baba wa baba yangu. Sisi tulimwita Kambo, kama watoto wengi wa Lubumbashi wanavyoita babu na bibi zao. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu jamaa imeomba hivyo. Bado kuna madai ya mishahara ambayo jamaa inafuatilia, na bado kuna mambo ya parseli. Kwa kawaida ukurasa huu hauandiki habari za mtu ambaye hakuwa waziri, mwanamuziki au mchezaji wa Mazembe. Lakini tangu kilio kile nimekuwa nikijiuliza namba 9 ilitoka wapi, maana baba yangu ndiye aliyepeleka tangazo redioni, na baba yangu anajua kuhesabu ndugu zake.

Jibu ni rahisi. Aliinakili kutoka kwenye cheti cha kazi cha Gécamines.

Ili kuelewa namba ile lazima turudi nyuma kidogo, kwa wale wasiokulia katika kambi za kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ilimiminwa hapa Lubumbashi mwaka 1911. Miaka ile ya kwanza kampuni ilitaka wanaume peke yao. Waliandikwa mbali, Luapula, Kasai, hata Rwanda, kwa mikataba ya miezi michache, walilala wengi katika chumba kimoja, walikufa wengi, na waliobaki walirudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliona hasara na ikabadili mtindo: mikataba ya miaka mitatu, mke aruhusiwe kuingia kambini, nyumba kwa kila jamaa, hospitali ya uzazi, shule ya wamisionari kwa watoto. Tangu hapo kampuni ilihesabu wake na watoto kama ilivyohesabu magunia ya shaba. Kila wiki mfanyakazi alipewa posho, yaani unga na vyakula vingine, kwa kipimo cha watu walioandikwa kwenye kitabu chake. Ndiyo maana mpaka leo, mtu wa Lubumbashi akitaka kusema Jumamosi, anasema siku ya posho. Vijana wanaosema hivyo leo hawajawahi kuona hiyo posho yenyewe.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameyachunguza mambo haya miaka mingi. Kitabu chake cha mwaka 2001, chenye jina Bana Shaba abandonnés par leur père, kinahusu baba wawili kwa pamoja: yule mfanyakazi nyumbani, na kampuni iliyojifanya baba wa wote. Heshima ya yule wa kwanza ilisimama juu ya mfuko wa yule wa pili. Wazee walikuwa na usemi kwamba kazi ndiyo baba na kazi ndiyo mama, na hawakuwa wanatania.

Kambo alizaliwa mwaka 1943 katika kambi ya Union Minière hapa Élisabethville, mtoto wa mtu aliyetoka upande wa Kasenga. Miaka miwili kabla, Desemba 1941, wafanyakazi waligoma kudai mishahara, na askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira. Makumi ya watu walikufa. Baba yake alikuwepo mjini siku ile, lakini hakulizungumza jambo hilo mbele ya watoto. Kambo alilisikia kwa wengine akiwa tayari mtu mzima. Alisoma shule ya kampuni, akafunzwa ufundi wa kurekebisha mashine, na mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya kujitenga kwa Katanga kumalizika, aliandikwa kazi katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, kile chenye bomba la moshi la mita 153 ambalo kila mgeni wa Lubumbashi hulipiga picha. Alioa mwaka 1966. Mtoto wa kwanza, shangazi huyu wa daftari, alizaliwa mwaka 1967, wakati Union Minière imetoka tu mikononi mwa Wabelgiji na kuwa mali ya serikali. Baadaye kidogo ikaitwa Gécamines.

Daftari linaanza hapo. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mabruda, herufi zimelala upande mmoja. Namba 1, jina, tarehe, kilo alizozaliwa nazo. Namba 2. Namba 3. Namba 4 ni msichana aliyezaliwa Machi 1974 na kufariki Novemba mwaka uleule. Kambo hakuweka msalaba pembeni ya jina lake, hakulikata, na aliyefuata hakupewa namba 4. Kampuni ilikata. Ukipoteza mtoto ulipaswa kulijulisha bureau, na mwezi uliofuata unga wako ulipungua kwa kipimo cha mtu mmoja. Kambo mwanamke, mjane wake, ananiambia kwamba siku mumewe alipoleta unga uliopunguzwa aliuweka chini mlangoni, akatoka tena, akarudi usiku sana.

Namba 5 na namba 6 ni watoto wa ndugu yake mdogo, aliyekufa mwaka 1975 na kuacha wavulana wawili. Mama yao alirudi kwao, akaolewa tena. Hao kampuni haikuwaandika kamwe, maana hawakuwa watoto wa ndoa yake. Kambo alijaribu mara mbili. Barua zake mbili zimekunjwa ndani ya daftari, Kifaransa cha adabu nyingi, pamoja na jibu moja fupi la kukataa. Basi nyumbani palikuwa na midomo zaidi ya posho, na ilibaki hivyo mpaka posho yenyewe ilipokufa.

Sitaki kumpaka mafuta. Watoto wake wote wanakubaliana kwamba miaka ile hakuwa baba wa kuchekacheka naye. Baba yangu anasema waliisikia sauti ya honi ya kiwanda, na waliposikia viatu vyake kwenye changarawe kila mmoja alishika kitabu, hata aliyekuwa hajui kusoma. Alikula peke yake mezani na nyama ilikuwa yake kwanza. Alipiga. Mshahara alimpa mke wake kwa mkono, mbele ya watoto, noti moja moja, ili kila mtu aone zinatoka wapi. Hivyo ndivyo wanaume wengi wa kambi walivyokuwa, na kampuni ilipenda hivyo: baba mwenye nidhamu kazini na mwenye amri nyumbani. Shangazi anasema: "Tulimwogopa, tulishiba." Mimi nilipotaka kuandika sentensi ya kumtetea, alinizuia.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Ulikuwa mwaka mzuri, na kwa hesabu za kampuni Kambo alikuwa na watoto 9. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora maduka ya miji mingi ya nchi, Lubumbashi ikiwemo. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, na mshahara ambao ulinunua gunia mwanzoni mwa mwezi haukununua kilo moja mwishoni. Kisha mishahara yenyewe ikaacha kuja. Kwanza mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha watu wakaacha kuhesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni nzima ilikuwa inatoa shaba chini ya tani 20,000 kwa mwaka.

Kambo hakuacha kuhesabu. Ukigeuza daftari na kulifungua kwa nyuma, unakuta orodha nyingine: kila mwezi ambao hakulipwa, kiasi gani, na nani alikuwa msimamizi siku hiyo. Watoto mbele, madeni nyuma, katika daftari moja la kurasa mia moja.

Miaka hiyo ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo, kwa sababu nilianza kuiona kwa macho yangu, na kwa sababu hapo ndipo wanaume wengi wa kambi walipovunjika. Kila aliyekulia Lubumbashi anawajua: mtu mzima aliyekuwa fundi wa daraja, amevaa buti za kazi, anakaa mbele ya nyumba tangu asubuhi, hazungumzi na mtu, na ikifika saa nne ameshaanza lutuku. Wake zao ndio waliolisha nyumba. Waliuza sombe, lengalenga, makala, unga kwa kopo, mikate. Mwanaume alikula chakula ambacho hakukileta, na wengine walilipiza kwa ngumi.

Kambo mwanamke alianza kuuza mboga sokoni Kenya mwaka 1992. Mwanzoni alijificha; alimwambia mumewe kwamba anakwenda kusali. Anasimulia kwamba siku moja alfajiri, akiwa anafunga mafungu ya lengalenga kwa kamba gizani, mumewe aliingia jikoni na taa ya mafuta. Alidhani atapigwa. Kambo akaiweka taa mezani, akasema mafungu yamefungwa vibaya, kamba itakatika njiani. Akakaa chini kwenye kibao, mtu ambaye hakuwahi kukaa jikoni maisha yake yote, akayafunga upya yote. Halafu akatoa kinga yake nje, ile baisikeli ya kwendea kazini aliyokuwa akiipangusa kila siku ya Mungu baada ya misa, akapakia mboga nyuma.

Tangu siku hiyo alimpeleka sokoni kila alfajiri, kisha akaendelea hadi kiwandani, ambako mara nyingi hakukuwa na kazi. Watu walimcheka. Wenzake wa kambi walimpa jina la utani ambalo halifai kuandikwa hapa. Lilihusu nani anavaa suruali nyumbani. Alipata shamba dogo upande wa mto Kafubu, mwendo mrefu kwa kinga, akalima mahindi na mihogo. Wanawe walikwenda naye likizoni. Baba yangu anasema ni huko shambani, akiwa na miaka zaidi ya 20, alipozungumza na baba yake kwa mara ya kwanza bila kusimama wima. Walikuwa wamechoka, wakakaa chini ya mti, na mzee akamwuliza: "Weye unapenda nini?" Baba hakujua ajibu nini. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Namba 13 aliingia nyumbani mwaka 1993. Miaka hiyo siasa za jimbo zilikuwa zimewageukia watu wenye asili ya Kasai. Maelfu walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi, wakalala vituoni wakingoja treni, na wengi hawakufika. Hapa Lubumbashi haikufika kiwango kile, lakini hofu ilifika. Jirani yao wa ukuta mmoja, fundi mwenzake wa miaka 20, aliamua kuondoka na jamaa yake. Mtoto wao mmoja alikuwa amebakiza miezi michache kumaliza mwaka wa shule. Wazazi walimwacha kwa Kambo mpaka mtihani. Mtihani ukapita, barabara ikawa mbaya, barua zikakoma, mtoto akabaki. Vijana wa mtaa walikuja jioni moja kuuliza kwa nini mzee wa Katanga anafuga mtu wa Kasai. Shangazi alikuwa mlangoni. Anasema mzee aliingia ndani, akatoka na daftari, akawaonyesha ukurasa. Namba 13, jina, tarehe. Hakuwaeleza kitu. Vijana walisoma, wakatukana kidogo, wakaenda zao. Sijui kama daftari lingesaidia siku ambayo wangekuja wengi zaidi. Anasema hata yeye hakujua.

Mwaka 2003 serikali, kwa pesa za Benki ya Dunia, ilianzisha Opération Départs Volontaires, ambayo mji mzima uliifupisha kwa herufi mbili: DV. Wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walichukua malipo ya mara moja na kuondoka. "Kwa hiari" lilikuwa neno la karatasini. Mtu ambaye hajalipwa mishahara miezi na miezi hana hiari kubwa. Kambo alitia sahihi baada ya miaka 39 ya kazi. Zile wiki za malipo zilikuwa sikukuu na msiba kwa pamoja. Wapo walionunua magari yaliyokufa kabla ya mwaka kuisha, wapo waliooa mke wa pili, wapo waliorudi vijijini na kukuta hawajui kuishi huko. Wapo waliokufa pesa zikiwa bado chini ya godoro.

Yeye alilipa madeni ya masomo kwanza. Kisha akamalizia nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye parseli aliyoinunua Katuba miaka ya 1980 na kuiacha bila paa. Vyumba vinne na manjanja mapya. Zilizobaki aliziweka mikononi mwa mke wake, safari hii bila kumhesabia noti mbele ya watoto, na biashara ya mboga ikawa kibanda cha unga. Pesa haikutosha, hilo lijulikane. Yeye na wenzake waliona kwamba walichopewa ni pungufu ya haki yao. Mwaka 2009 wafanyakazi wa zamani walipeleka malalamiko hadi Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Kwa miaka mingi Kambo hakukosa mikutano ya wa-DV. Alivaa koti, akatia daftari ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda kwa miguu. Alirudi jioni na kusema: "Wameandika majina." Mkutano uliofuata waliandika majina tena. Wazee walipungua, orodha ikawa fupi bila mtu kulipwa.

Sisi wajukuu tulimpata mtu mwingine kabisa. Baba yangu na ndugu zake wanatusikiliza tukisimulia na hawaamini. Kambo wetu alipika. Alisonga bukari laini kuliko shangazi zetu, na alitupa ukoko. Alitupeleka shuleni akiwa ameshika watoto wawili kila mkono, akangoja nje ya geti mpaka kengele ilie. Miaka ile wazazi walilazimika kulipa prime ya walimu, na asiyelipa mtoto wake alirudishwa nyumbani. Mara moja mimi na binamu yangu tulirudishwa. Kambo hakutugombeza wala hakumgombeza mwalimu. Alikaa nasi chini ya mwembe, akatufundisha yeye mwenyewe hesabu za siku ile, siku tatu mfululizo, mpaka kibanda kilipopata pesa. Kugawanya kwa namba mbili nilijifunza pale, kwa mkaa juu ya sakafu ya saruji. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hivi?" alisema.

Desemba 2010, Mazembe ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, televisheni ya jirani ilitolewa uani. Inter ilishinda 3 kwa 0. Wajukuu tulilia. Kambo, mwenye miaka 67, akajaribu kurukaruka kwa makalio kama kipa Kidiaba ili tucheke, akaumia kiuno wiki mbili. Kambo mwanamke hajamsamehe mpaka leo.

Nilipokuwa nasomea uandishi wa habari chuo kikuu nilimwonyesha picha za Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa mji huu, zile za mfululizo wa Mémoire ambamo wafanyakazi wa zamani wa Union Minière wamekatwa kutoka picha za kikoloni na kusimamishwa ndani ya magofu ya Gécamines ya leo. Nilitaka aniambie kuhusu mashine, kuhusu unyonyaji. Nilikuwa na maswali yangu tayari kwenye karatasi. Aliziangalia muda mrefu, akakuza kwa vidole, akatafuta sura anayoijua. Halafu akauliza: "Na batoto yabo beko wapi?"

Alifariki nyumbani, usiku, baada ya kuugua mapafu kwa muda. Sanduku lililipwa na namba 13, aliyefika kutoka Kolwezi, ambako anafanya kazi mgodini, saa chache kabla ya mazishi.

Swali la yule mzee wa Kasenga halikuwa la udadisi tu. Siku ya nne, baada ya kunyoa na kufagia, ulifanyika mkutano wa jamaa, na jambo likawa parseli. Mzee yule alisema kwa desturi nyumba ya marehemu inarudi kwa ukoo, watoto wa dada zake nao wana sehemu, mjane apumzike kwa mmoja wa wanawe. Ni maneno yanayosemwa katika kilio kila wiki hapa mjini, na wajane wengi wametolewa nje na magodoro yao kwa maneno hayohayo. Baba yangu alikuwa amejiandaa. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu wanaingia katika robo inayobaki. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Mzee alisikiliza, akaomba maji, akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka mbali kwa nauli ya kukopa.

Lakini sheria ileile ilileta shida nyingine ambayo baba hakuiandaa. Inawatambua watoto wa ndoa, wale waliokubaliwa rasmi na baba akiwa hai, na walioasiliwa kwa karatasi. Namba 5, namba 6 na namba 13 hawana karatasi yoyote isipokuwa daftari la shule. Mmoja wa wajomba wa upande wa kikeni alilisema kwa upole: mbele ya mahakama watoto ni 9. Pale uani palikuwa kimya. Namba 13 aliinuka kama mtu anayekwenda kuangalia moto.

Shangazi alimwambia akae. Kisha akaamuru karatasi iletwe. Wale 9 wameandika kwa mkono, na kutia sahihi mmoja mmoja mbele ya mkubwa wa mtaa, kwamba nyumba haiuzwi mama yao akiwa hai, na ikiuzwa baadaye itagawanywa kwa 12 walio hai. Mwanasheria mmoja rafiki yangu ameniambia karatasi ya namna hiyo inahitaji kupelekwa kwa mthibitishaji ili iwe na nguvu, na kwamba hata hivyo wajukuu wanaweza kuipinga siku moja. Sisi wajukuu ni 31. Nimeulizia wachache, si wote wamenijibu.

Baba yangu ameomba radhi kwa lile tangazo la redio. Kwenye msalaba wa kaburi wameandika tena, na safari hii ni watoto 13.

Mkutano wa wa-DV bado upo, na wenzake Kambo waliobaki wamesema jamaa itume mtu. Atakwenda baba. Alimwomba shangazi daftari ili akaonyeshe orodha ya miezi ambayo mzee hakulipwa. Shangazi amekataa kulitoa nyumbani. Amemwambia akapige fotokopi, tena kurasa za nyuma tu.